Zana za kuzalisha msimbo wa STM32 na CAN kwenye pampu za mkonge: mpaka wake uwe wapi?

PampuPongwe:

Wakuu, habari za Tanga.

Kazi yenyewe ni kudhibiti pampu 6 za maji kwenye kiwanda cha mkonge upande wa Pongwe. Maji yanalisha korona (mashine ya kukamua majani ya mkonge), na korona ikikosa maji singa, yaani nyuzi, zinatoka chafu, kwa hiyo pampu ikisimama lazima chumba cha usimamizi kijue ndani ya sekunde moja. Kila pampu ni mota ya kW 15, 400 V, inayowashwa kwa staa-delta (inaanza taratibu ikiwa staa, kisha inahamia delta). Kila moja ina bodi yake: chipu kidhibiti ya STM32F103C8T6, moduli ya SN65HVD230 kwa ajili ya CAN (jozi ya waya za mawasiliano, CANH na CANL, inayounganisha bodi zote), sensa ya shinikizo ya 4–20 mA kwenye rezista ya ohm 150, CT (transfoma ndogo) ya kupima mkondo, na sensa ya joto la beringi. Bodi ya saba iko chumbani, inakusanya ujumbe wote na kuongea Modbus RTU (lugha ya mawasiliano ya viwandani) kwa waya wa RS-485 na skrini ya kugusa. Waya mzima ni mita 320, CAN ni kbps 125.

Maandalizi yote ya pini, saa ya chipu na vifaa vya ndani yamezalishwa na STM32CubeMX, zana ya kuzalisha msimbo ya ST, watengenezaji wa chipu. Mambo yanayokwama:

1. USART1 (mlango wa mawasiliano wa chipu) kupitia DMA (kuhamisha data bila prosesa) inatuma ujumbe mmoja tu wa Modbus, kisha kimya mpaka bodi izimwe na kuwashwa.
2. Bodi mbili mezani zinaelewana. Zote saba zikifungwa kwenye waya, ujumbe unapotea ovyo, na kontakta (swichi kubwa ya kuwasha mota) ikivuta kuna bodi inanyamaza moja kwa moja.
3. Bodi mbili hazikubali tena kuprogramiwa kwa ST-Link (kifaa cha kupakia programu) baada ya kubadilisha pini kadhaa na kuzalisha msimbo upya.
4. Baadhi ya mistari iliyoongezwa kwa mkono imefutika.

Swali kubwa: hizi zana zifanye kazi hadi wapi? Kuna anayeshauri kuachana nazo na kuandika rejista (mipangilio ya ndani ya chipu) kwa mkono, na kuna anayeshauri kwenda mbele zaidi, mantiki yote ichorwe kwenye programu ya modeli ya Simulink na msimbo utoke wenyewe.

---

fundi_Chumbageni:

Mkuu, matatizo yako manne yana sababu nne tofauti, na ni moja tu ya kuilaumu zana.

Namba 3 kwanza, maana hiyo ndiyo inayotisha watu. Kwenye ukurasa wa SYS, sehemu ya Debug, CubeMX kwa familia ya F1 inaanza na "No Debug". Ukiiacha hivyo, msimbo unaozalishwa una mstari wa `__HAL_AFIO_REMAP_SWJ_DISABLE()`, na chipu ikiwaka tu PA13 na PA14 zinaacha kazi ya SWD, yaani njia ambayo ST-Link inaingilia. Chipu ni nzima. Weka BOOT0 (pini inayoamua chipu iwakie programu ipi) kwenye 1, bonyeza riseti, unganisha ST-Link, futa flashi yote, rudisha BOOT0 kwenye 0. Kisha chagua "Serial Wire" na usiiguse tena. Njia ya kuunganisha huku riseti imeshikiliwa inafanya kazi pia, ila ST-Link nyingi za bei nafuu pini yake ya RST haiendi kwenye NRST, pini ya riseti ya STM32, kwa hiyo BOOT0 ndiyo ya uhakika.

Namba 1: umewasha DMA1 Channel 4, lakini kwenye NVIC (kidhibiti cha intarapti) hukuwasha intarapti ya USART1 yenyewe. HAL, maktaba ya ST, inafanya hivi: DMA ikimaliza kupeleka baiti ya mwisho kwenye rejista, HAL inawasha intarapti ya TC (kutuma kumekamilika) na kusubiri USART imalize kuitoa baiti hiyo kwenye waya. Ni intarapti ya USART ndiyo inayorudisha hali kuwa READY na kuita `HAL_UART_TxCpltCallback`. Kama imezimwa, hali inabaki BUSY milele, na kila `HAL_UART_Transmit_DMA` inayofuata inarudisha HAL_BUSY. Weka tiki kwenye "USART1 global interrupt", zalisha upya. Ukiwa hapohapo, hakikisha `MX_DMA_Init` inaitwa kabla ya `MX_USART1_UART_Init`. Mpangilio huo unabadilishwa kwenye Project Manager, ukurasa wa Advanced Settings. Matoleo fulani ya zamani yaliupindua, na dalili zake zinafanana na hizi zako.

F103 haina DE (pini ya kuruhusu kutuma) inayoendeshwa na maunzi, tofauti na F0 na F3. Kwa hiyo pini ya DE ya transiva ya RS-485 ishushe ndani ya callback hiyohiyo, si mara baada ya kuita Transmit. Ukishusha mapema unakata ujumbe, pamoja na baiti mbili za mwisho ambazo ni CRC ya kukagua makosa, na skrini itakataa kila jibu.

Namba 4: alama za `USER CODE BEGIN` na `USER CODE END`. Ukiandika nje ya alama hizo, mistari yako ni waja leo waondoka leo. Lakini hata ndani ya alama usiweke kazi ya maana. Tengeneza folda yako, mathalani `app/`, yenye `app_init()` na `app_step()`. Ndani ya main.c mistari yako iwe miwili tu. Faili la .ioc (mipangilio ya CubeMX) ni maandishi, liweke kwenye git, inayotunza matoleo ya faili, pamoja na msimbo wote uliozalishwa, na kila ukizalisha upya pitia `git diff` kabla ya kuhifadhi. Ukibadilisha pini moja halafu diff ikaonyesha faili thelathini, simama. Mara nyingi ni kwamba toleo la zana limebadilika, na ulipoulizwa "Migrate" au "Continue" ukajibu Migrate bila kusoma.

Namba 2: zima umeme wote, weka mita ya ohm kati ya CANH na CANL, utuambie inasoma ngapi.

---

PampuPongwe:

Shukrani mkuu. Namba 1 na 3 zimekaa sawa. Mita inasoma ohm 17.

---

fundi_Chumbageni:

Ndiyo hiyo. Moduli za SN65HVD230 za sokoni zina rezista ya ohm 120 juu ya bodi. Saba sambamba: 120 ÷ 7 ni ohm 17. Transiva inasukuma mzigo usio wake. Ng'oa rezista kwenye bodi tano za katikati, bakiza mbili za mwisho wa waya, usome ohm 60. Kama waya una tawi refu la kwenda kwenye pampu, matawi yawe mafupi, mita moja au mbili. Waya mkuu upite kwenye kila sanduku, kuingia na kutoka.

Halafu angalia ukurasa wa CAN kwenye CubeMX. Kuna vitu viwili vinakuja vimezimwa: "Automatic Retransmission" na "Automatic Bus-Off Management". Cha kwanza kikizimwa, ujumbe uliogongana au kuharibiwa na kelele haurudiwi. Cha pili kikizimwa, kihesabu cha makosa ya kutuma kikivuka 255 bodi inajitoa kwenye waya na hairudi hadi programu iiamuru. Huko ndiko kunyamaza kwako kontakta inapovuta. Washa vyote viwili. Na kila inapotokea bus-off, yaani bodi kujitoa hivyo, ongeza kihesabu na ukitume kwenye ujumbe, vinginevyo utaficha tatizo la waya kwa miezi.

Nyakati za biti: APB1 (saa inayolisha CAN) ikiwa 36 MHz, weka prescaler 18, BS1 13, BS2 2, SJW 1. Hiyo ni 2 MHz kwa vipande 16, sawasawa kbps 125, na sampuli inachukuliwa kwenye 87.5%. Hakikisha RCC imechagua kristali ya nje ya 8 MHz. Usipoichagua, zana inakupangia HSI, saa ya ndani ya chipu, ambayo kikomo chake kupitia PLL ni 64 MHz. APB1 inakuwa 32, na namba hizohizo zinatoa kbps 111. Hakuna onyo lolote, maana kwa zana hilo si kosa. HSI yenyewe pia inayumba na joto, na sanduku la chuma juani si mezani.

Kitu cha mwisho ambacho zana haikuandikii hata ufanyeje: `HAL_CAN_ConfigFilter`, `HAL_CAN_Start` na `HAL_CAN_ActivateNotification`. Bila kichujio hata kimoja kuwashwa, F103 haipokei chochote. Wewe naona umeziandika kwa sababu mezani zinaongea, nataja kwa ajili ya wasomaji wengine.

---

DadaSaketi_Ngamiani:

Naongezea upande wa mawasiliano, kwa sababu watu wengi wanatumia zana kuzalisha pini halafu wanakaa kukata biti za ujumbe kwa mkono, `data[2] << 8 | data[3]`, bodi saba, kila bodi na kosa lake. Kama kuna mahali pa kumwachia mtambo aandike, ni hapo.

Andika faili moja la DBC (maelezo ya ujumbe wa CAN na signali zake) linaloeleza ujumbe wote:

```
BO_ 288 HaliPampu1: 8 Pampu1
 SG_ Shinikizo : 0|16@1+ (0.01,0) [0|16] "bar" Chumba
 SG_ JotoBeringi : 16|16@1- (0.1,0) [-10|125] "C" Chumba
 SG_ Mkondo : 32|16@1+ (0.1,0) [0|200] "A" Chumba
 SG_ Kihesabu : 48|4@1+ (1,0) [0|15] "" Chumba
 SG_ Hali : 52|4@1+ (1,0) [0|15] "" Chumba
```

Kisha kwenye kompyuta yenye Python:

```
python3 -m cantools generate_c_source --no-floating-point-numbers mkonge.dbc
```

Unapata mkonge.c na mkonge.h, zenye struct kwa kila ujumbe na kazi za pack, unpack na kukagua mipaka. Ile bendera ya kukataa desimali ni muhimu: Cortex-M3, prosesa ya F103, haina FPU (sehemu ya kukokotoa desimali), na bila bendera unaletewa kazi za encode na decode zinazotumia `double`. Zikiitwa, maktaba ya desimali inaingia kwenye flashi yenye KB 64 tu. Bodi ya pampu ifanye kazi na namba nzima: bar 4.35 ni 435. Kugeuza kuwa desimali ni kazi ya skrini.

Panapokosewa sana:

`@1` maana yake baiti ndogo kwanza, `@0` kinyume chake. Kwa `@0`, namba ya biti ya kuanzia ni ya biti kubwa ya signali, si ndogo, na hapo ndipo mtu anapata joto la nyuzi elfu tatu. Amua `@1` kote na usichanganye. Alama ya `-` kwa joto, `+` kwa visivyoweza kuwa hasi. Na `288` ni desimali ya 0x120. DBC haisomi heksa kwenye mstari wa BO_.

Kihesabu cha biti 4 kiongezeke kwa kila ujumbe. Chumba kikiona kihesabu hakisogei, programu ya bodi ile imekwama ingawa CAN yake bado inatuma. Kikiona hakuna ujumbe kabisa kwa ms 300, bodi imekatika. Ni hitilafu mbili tofauti na fundi anapaswa kuziona tofauti kwenye skrini.

Usiogope msongamano. Ujumbe wa baiti 8 wenye biti zote za kujazia haufiki zaidi ya biti 135. Bodi 6, kila moja mara 10 kwa sekunde, ni biti 8,100 kati ya 125,000. Asilimia sita na nusu.

Jedwali la rejista za Modbus nalo usiliandike mara ya pili. Skripti fupi ya Python inayosoma DBC hiyohiyo inaweza kutoa faili la C lenye rejista na CSV ya kuingiza kwenye skrini. Siku ukiongeza signali ya mtetemo unagusa sehemu moja. Kwa 9600 na pariti ya even, kimya kati ya ujumbe wa Modbus ni herufi 3.5, karibu ms 4. Hicho kipimo kiweke kwenye taima, usikikisie kwa `HAL_Delay`.

---

Mzee_wa_Makorora:

Vijana mmeeleza vizuri. Mimi nabaki kwenye swali lake kubwa, la mantiki na Simulink.

Simulink na Embedded Coder yake inayotoa msimbo ni zana za kweli, na penye hesabu ngumu zinalipa: kuongoza mota kwa vekta, kudhibiti bawa la ndege, mahali ambapo modeli inajaribiwa maelfu ya mara kabla ya chuma. Pampu inayowaka, kusubiri, kubadilika kutoka staa kwenda delta na kuzimika ikikosa shinikizo ni hali sita au saba. Kununua leseni ile kwa kazi hii ni kumuua mbu kwa rungu. Na siku anayejua modeli akiondoka, fundi aliyebaki anakuta C yenye majina kama `rtb_Sum_k` na haelewi pa kuanzia.

Chora hali kwenye karatasi, ziandike kama jedwali kwenye C: hali ya sasa, tukio, hali inayofuata, kitendo. Mistari haifiki ishirini. Ukitaka kuchora na msimbo utoke kwenye mchoro, QM ya Quantum Leaps inafanya hivyo bila malipo, ila inataka ufuate muundo wake wote. Sioni faida kwa kazi ya ukubwa huu.

Njia nyingine ya heshima ni OpenPLC, programu huria ya kudhibiti mitambo. Ukiandika Ladder (lugha ya michoro inayofanana na saketi ya relei), inatafsiriwa kuwa C na kuendeshwa kwenye Raspberry Pi au ESP32, na Modbus imo tayari. Uzuri wake ni mmoja na ni mkubwa: fundi umeme wa kiwandani anasoma Ladder. Ubaya ni kwamba Raspberry Pi na umeme unaokatika si marafiki. Kadi ya SD inaharibika ikikatiwa katikati ya kuandika. Kama ni chumbani penye UPS, sawa. Kwenye sanduku la pampu, hapana.

Sasa jambo ambalo hakuna zana itakayolizalisha. Staa na delta zisiwahi kuvuta pamoja, na hilo lisitegemee programu. Koili ya delta ipite kwenye kontakti saidizi iliyofungwa ya staa, na ya staa ipite kwenye ya delta. Ovalodi na kitufe cha dharura vikate koili moja kwa moja kwa waya. Bodi ipewe taarifa tu. Programu iwe na pengo la ms 50 hadi 100 kati ya kuachia staa na kuvuta delta, lakini pengo ni la kuzima cheche, na usalama wenyewe uko kwenye waya. Mota ya kW 15 inakula karibu ampea 28 ikiwa delta. Ukiona sekunde 10 zimepita kwenye staa na mkondo haujashuka, usiende delta, zima na utoe kosa.

IWDG (mlinzi anayeirisetia chipu programu ikikwama): prescaler 64, reload 1250, ni sekunde 2 kwa LSI, saa yake ya ndani, ya 40 kHz. LSI inaweza kuwa popote kati ya 30 na 60, kwa hiyo hesabu sekunde 1.3 kama ndiyo iliyopo. Iburudishe mahali pamoja tu, mwisho wa `app_step()`, si ndani ya intarapti ya taima. CubeMX inaiwasha pamoja na maandalizi mengine, basi chochote kirefu cha kuanzisha sensa kisipite muda huo.

FreeRTOS (mfumo wa kuendesha kazi nyingi kwa pamoja) usiitie tiki kwa sababu ipo kwenye menyu. Kazi inazopewa na zana zinaanza na stack ya maneno 128, yaani baiti 512, na `sprintf` moja inaweza kuipasua. Kitanzi kimoja cha ms 10 kinatosha hapa.

Kuhusu kuandika rejista kwa mkono: ukurasa wa saa wa CubeMX unakugeuzia nyekundu saa ya ADC (kigeuzi cha volti kuwa namba) ikizidi 14 MHz. Ukiwa 72 MHz, gawanya kwa 6 upate 12. Mtu wa rejista anagundua hilo kwa vipimo vinavyoyumba. Kwa hiyo sikubaliani nao.

---

PampuPongwe:

Shikamoo mzee, nimekuelewa. Ohm sasa ni 60 na bodi zote saba zinaongea huku kontakta zikivuta. Moja la mwisho: moduli zitaondoka, bodi inachorwa kwa programu ya KiCad kuwa moja. Kuacha zana ya FreeRouting ipitishe yenyewe njia zote za shaba ni sawa?

---

DadaSaketi_Ngamiani:

Zote, hapana. Nyingi, ndiyo.

FreeRouting inajua kuunganisha nukta bila kugongana. Haijui mkondo unarudi wapi. Pitisha hizi kwa mkono kwanza na uzifunge: kapasita ya nF 100 kwa kila pini ya VDD, karibu kabisa; kristali ya 8 MHz na kapasita zake, bila njia nyingine kupita chini yake; duara la kigeuzi cha 24 V kwenda 5 V; jozi ya CANH na CANL hadi kwenye kiunganishi, ikipitia diodi ya kinga kama NUP2105L iliyo mlangoni pa waya, si jirani na transiva; na njia ya sensa ya 4–20 mA mbali na relei. Zilizobaki, LED, vitufe, pini za kuprogramu, iachie zana.

Kabla ya kutoa faili la DSN la kupeleka FreeRouting, weka makundi ya upana kwenye KiCad: signali 0.25 mm, ampea moja angalau 0.3, ampea mbili 0.8. Ukisahau, utaletewa 24 V kwenye njia ya unywele. Upande wa chini wote uwe shaba ya 0 V, na ukiingiza SES, faili la matokeo, jaza eneo hilo upya kisha uendeshe DRC, ukaguzi wa makosa ya bodi. Penye kontakti za relei za 230 V acha mm 6 au zaidi hadi upande wa volti ndogo, na kata mpasuo kwenye bodi chini ya relei. Weka nafasi ya R ya ohm 120 yenye jampa, ili mambo ya ohm 17 yasirudi.

---

fundi_Chumbageni:

Na kwa hewa yetu ya chumvi: osha bodi kwa pombe ya isopropili mpaka flaksi iishe, kausha, ndipo upake vanishi ya bodi, tabaka mbili. Ziba viunganishi, pini za SWD na BOOT0 kwa tepu kabla ya kupaka. Hasa BOOT0.